Nimwambie nani? Kwa mwalimu wa Mtwara aliyekifunga kitabu

"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara mjini, nina miaka 36, nimeolewa, nina binti wa miaka 9. Mwalimu mwenzangu aliniazima riwaya ya Kiingereza, The Color Purple. Sikufika mbali. Kurasa za mwanzo tu, pale yule msichana anapoambiwa asimwambie mtu yeyote ila Mungu, moyo ulianza kunienda mbio, mikono ikatoa jasho, nikakifunga. Hii ni wiki ya pili silali vizuri. Mimi mwenyewe sikumbuki kufanyiwa jambo lolote. Ninachokumbuka ni mama. Kwao ni Newala, na unajua huku kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada zake, lakini mama hakutaka kabisa tulale kwa kaka yake mkubwa. Kila likizo watoto wa mama wadogo walikwenda, sisi hapana. Siku moja mjomba aliniletea kanga. Mama alinichapa mpaka fimbo ikavunjika, na kanga akaitia motoni. Hakusema kwa nini. Nilipomuuliza ukubwani alijibu, 'Ya ndani hayatoki nje.' Sasa nahisi najua. Na juzi binti yangu alichelewa kurudi madrasa robo saa tu, nikampiga kwa namna iliyonitisha mwenyewe. Mume wangu anasema vitabu hivi vinavuruga akili, ni mambo ya Wamarekani weusi na utumwa wao, sisi hayatuhusu. Dada yangu anasema ni mkosi wa ukoo, tufanye tambiko. Mimi nimewaza nimsomee mama kile kitabu kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, ili aseme, apone, na mimi nipone. Mama naishi naye. Mjomba yuko hai, ni mzee sasa, na watoto wa dada yangu watakwenda kwake likizo ya Juni. Nifanye nini? Na ni riwaya ipi inayoponya?"

Marahaba, mwanangu. Nashukuru umeandika. Nimefundisha fasihi miaka mingi hapa Lindi, baadaye nikasomea unasihi, na mpaka leo nasoma riwaya pamoja na kina mama wenzangu, wengine wana mambo mazito kuliko yaliyomo vitabuni. Kwa hiyo nitakujibu kwa pande zote mbili, ya vitabu na ya nafsi. Kwako wewe pande hizo zimeshikana. Umeguswa na kitabu, unamwonea mama uchungu, una shaka na mjomba, unajiogopa na wewe mwenyewe, na yote hayo unataka yaishe kwa dawa moja, yaani mama aseme. Hapo ndipo tutakapobishana kidogo.

Lakini kabla ya vitabu, Juni. Hujui kilichotokea kwa mjomba. Nalisema wazi kwa sababu umeandika "nahisi najua", na msomaji aliyeguswa hukosea hapo mara nyingi. Umemwona Celie, yule msichana wa kitabuni, ukamwona mama. Huenda umeona sawasawa. Huenda pia ugomvi wao ulikuwa wa shamba la mikorosho, au wa posa, au wa msiba ambao mama anamhesabia kaka yake. Mtu anaweza kuchoma kanga kwa sababu nyingi, kwa hiyo usimtaje mzee wa watu kwa jambo ulilolisoma kitabuni. Ila hulazimiki kujua kwanza ndipo umlinde mtoto. Mwambie dada yako: watoto wakienda Newala waende naye, walale anapolala yeye, warudi naye. Akiuliza sababu, mwambie mama hakuturuhusu sisi, na mama si mtu wa kufanya jambo bure. Hilo linatosha, wala halimtuhumu mtu. Na kama kuna mtoto aliyewahi kutamka neno, au amebadilika ghafla kila anaporudi kutoka huko, hapo mambo ya riwaya yamekwisha. Nendeni dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au pigeni 116, simu ya watoto, ni bure.

Sasa tuje kwenye kitabu. Hakijakutia kitu ambacho hakikuwamo. Mwili wa binadamu una mlinzi wake, na mlinzi huyo huanza kazi kabla ya akili. Ukikanyaga nyoka gizani unaruka kwanza, kujua kuwa ni nyoka kunakuja baadaye. Na mlinzi huyu hafundishwi kwa maneno. Mtoto mdogo hajui lipi la hatari kwa kuelezwa, anatazama uso wa mama. Uso ukikaza, naye anakaza. Wewe uliletewa kanga, kitu cha kumfurahisha msichana yeyote, ukaona uso wa mama umegeuka, ukachapwa, ukaiona kanga inawaka. Sitashangaa ukiniambia harufu ya pamba ile ikiungua unaijua mpaka leo. Kwa kuwa hakuna aliyekueleza, tukio lile halikupata kuwa hadithi yenye mwanzo na mwisho. Lilibaki vipande: harufu, fimbo, sauti. Miaka ikapita. Halafu jioni moja unakutana kitabuni na sentensi ambayo ni ile ile ya mama yako kwa lugha nyingine. Usimwambie mtu. Ya ndani hayatoki nje. Mlinzi akainuka.

Hicho ndicho tunachokiita kiwewe. Maana yake si huzuni kubwa. Ni hofu ambayo haikupata mahali pa kukaa, kwa hiyo inakaa mwilini, na ikiguswa inaitikia kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Waandishi wa riwaya hizi walilijua hilo vizuri sana, na ndiyo maana nyingi hazisimulii moja kwa moja. Ukifika siku moja kwenye Beloved ya Toni Morrison utakuta habari inatolewa kidogo, inakatwa, inarudi kwa njia nyingine, na pengine sentensi hazina hata vituo. Wanafunzi wangu walikuwa wanalalamika kuwa ni ngumu. Nawaambia mtu aliyeumizwa husimulia hivyo hivyo, mumsikilize.

Tahadhari moja tu hapa. Moyo kwenda mbio si ushahidi kuwa na wewe ulifanyiwa jambo ukalisahau. Usianze kuchimba kumbukumbu. Ulichokieleza kinajitosheleza: uliishi utotoni pembeni ya hofu ya mama yako, na hofu ile ilikufika.

Mumeo usigombane naye, ana wasiwasi juu yako. Ila hapa hajapatia. Ni kweli baadhi ya riwaya hizi zimeanzia utumwani. Morrison aliandika Beloved, iliyotoka mwaka 1987, baada ya kukutana na habari ya Margaret Garner, mtumwa aliyetoroka Kentucky Januari 1856 kwa kuvuka mto Ohio ulioganda, na alipozingirwa na waliomfuata akamuua binti yake mdogo ili asirudishwe utumwani. Lakini mwambie mumeo asimame Mikindani, hapo hapo jirani yenu, kisha apande basi mpaka Kilwa Kivinje. Misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ilishukia huko. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kupeleka watumwa Zanzibar, na soko la Zanzibar halikufungwa mpaka mwaka 1873. Ziko koo huku kwetu ambazo hadi leo haziulizwi babu wa babu alifikaje pwani. Halafu ikaja Maji Maji, 1905 hadi 1907, iliyoanzia Umatumbi, na nyuma ya bunduki ikafuata njaa. Bibi zetu walilelewa na watu waliopita humo. Kunyamaza hatukufundishwa na Wamarekani.

Na walioandika si Wamarekani peke yao. Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, katika Nervous Conditions ya mwaka 1988, ana binti anayeitwa Nyasha, anayekataa na kutapika chakula mpaka anakaribia kufa, na daktari mmoja anayepelekwa kwake anadai Mwafrika hawezi kuugua namna hiyo. Yvonne Adhiambo Owuor wa Kenya, katika Dust, anauhesabu ukimya kuwa mojawapo ya lugha za taifa lake. Chimamanda Ngozi Adichie, katika Purple Hibiscus ya mwaka 2003, anatuingiza nyumba ya tajiri mcha Mungu huko Enugu, Nijeria, baba anayesaidia masikini mchana na usiku anamimina maji ya moto kwenye miguu ya bintiye. Hakuna mtumwa humo wala Mmarekani.

Dada yako naye simpuuzi. Tambiko lina faida moja kubwa, linakusanya watu waliokuwa wametawanyika. Kama familia itaamua kukutana kwa tambiko au kwa dua, nenda. Lakini neno "mkosi" linafanya jambo lishuke kama mvua, halina mwenyewe wala halina njia. Hili lina njia, na njia yake umeieleza mwenyewe. Limepita kwenye fimbo ya mama, likapita kwenye jibu lake, juzi likapita mkononi mwako. Kilichofunzwa kwa njia hiyo kinaweza kusahaulishwa kwa njia hiyo hiyo, polepole. Ninachokiogopa kwenye tambiko ni kesho yake, watu wanaposema tumeshatambika, yamekwisha, asiyataje tena mtu. Huo utakuwa ukimya ule ule umevishwa nguo mpya.

Sasa tubishane. Usimsomee mama kile kitabu.

Unaamini kuwa kusema ndiko kunakoponya, na hauko peke yako. Ni nusu ya ukweli. Kusema kunaponya pale mtu anaposema kwa hiari yake, kwa wakati wake, kwa mtu anayeweza kupokea. Kubanwa useme ni kurudishwa kule kule. Hata kwa watu waliotoka kwenye maafa, Shirika la Afya Duniani linashauri wasilazimishwe kusimulia yaliyowapata. Wapewe usalama, mahitaji, ndugu zao, na mtu wa kuwasikiliza kama watataka kusema.

Katika Beloved yuko mwanamume, Paul D, ambaye mambo yake ya utumwani ameyafungia ndani ya kopo la tumbaku kifuani mwake, na kifuniko kimeshika kutu. Ukisoma kama mwalimu wa fasihi utaona sitiari. Ukisoma kama mnasihi utaona kwamba kopo hilo ndilo lililomfikisha hai. Bibi yangu alikuwa na kikopo cha tumbaku ya kunusa pindoni mwa kanga, na hakuna mjukuu aliyethubutu kukifungua. Mama yako ana kopo lake. Amekulea nalo, amekusomesha nalo, na kwa namna yake alikulinda nalo, maana hukulala kule. Wewe ukimwendea na kitabu, ukurasa kwa ukurasa, unamwendea na tindo. Na Celie si mama yako. Mama atasikia kila neno akijiuliza, huyu mtoto ameambiwa nini, na nani?

Wewe asili yako Newala, umeona watu wakibangua korosho nyumbani. Hakuna anayezibangua mbichi. Zinatiwa kwenye karai kuukuu juu ya moto, nje, mbali na nyumba. Mafuta ya ganda yanatoka, yanawaka, moshi unawasha macho. Zinamwagwa mchangani zipoe. Mikono inapakwa majivu, ndipo jiwe linagonga, kidogo, pembeni, ili punje itoke nzima. Mwenye haraka anaungua vidole, na punje inavunjika. Nakukumbusha hili kwa sababu mbili. Moja umeshaiona. Ya pili ni kwamba hapo hapo, kwenye kazi ya mikono, ndipo wanawake wa kwetu wanapozungumza. Hakuna anayemtazama mwenzake usoni, mkono una shughuli, na ukimya haumwaibishi mtu.

Kaa naye kwenye kazi kama hiyo, korosho au kuchambua mchele, na uanze na lako wewe. Kwa mfano: "Mama, juzi nilimpiga mtoto vibaya, nikaogopa. Nikaikumbuka ile kanga. Sikuulizi kitu. Nilitaka tu ujue kuwa naikumbuka." Kisha nyamaza, endelea kuchambua. Anaweza asijibu. Anaweza kukasirika akaondoka. Anaweza baada ya wiki tatu, anakunja nguo, akatoa nusu ya sentensi kama vile anaendeleza mazungumzo ya jana. Pokea nusu hiyo, usiikimbilie iliyobaki. Na akisema yote, usigeuke hakimu, usiite ndugu, usipande gari kwenda Newala. Muulize anataka nini. Likiwa la kwake, ni yeye wa kuamua lifike wapi, isipokuwa pale usalama wa mtoto unapohusika, na hilo tumeshalizungumza.

Turudi kwa Celie, maana hukufika naye mbali, na huko mbele kuna kitu chako. Alice Walker aliitoa riwaya hii mwaka 1982, na mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupata tuzo ya Pulitzer ya riwaya. Watu wanaijua kwa mateso yaliyomo. Mimi nimeipenda kwa barua. Celie ameambiwa asimwambie mtu ila Mungu, kwa hiyo anamwandikia Mungu, na mwisho wa barua hizo haweki jina, kama ambavyo na wewe hukuweka. Anaandika hivyo miaka mingi. Halafu anagundua kuwa mumewe amekuwa akizificha barua za mdogo wake, Nettie. Ziko sandukuni, miaka yote hiyo, mdogo wake alikuwa anaandika na yeye alidhani amekufa. Kutoka hapo Celie anaacha kumwandikia Mungu, anaanza kumwandikia Nettie, na barua zinapata jina la mwandishi. Mambo anayoyaeleza ni yale yale, mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni anayeandikiwa. Sasa kuna mtu wa damu na nyama anayeweza kujibu.

Ndiyo maana nasema swali lako limekaa upande kidogo. Umeuliza umfanyeje mama aseme. Swali linalokubana wewe ni umwambie nani. Kwa miaka yote hii huna mtu uliyemsimulia habari ya kanga, na mimi nimeipata kwa barua isiyo na jina. Kuna Mungu, na kuna mimi nisiyekuona. Tafuta wa tatu.

Nimezisoma riwaya hizi kwa miaka mingi, na sijakuta hata moja ambamo mtu alipona peke yake chumbani. Kambili wa Adichie, binti yule aliyemwagiwa maji ya moto, aliyekuwa hawezi kumaliza sentensi bila kigugumizi, anajifunza kucheka kwa shangazi yake Ifeoma huko Nsukka, kwenye nyumba ndogo, chakula haba, kelele nyingi. Na katika Beloved kuna Denver, binti wa mama aliyemuua mtoto wake, kama Margaret Garner. Nyumba yao watu wanaikwepa, miaka hatoki nje ya ua. Mama anaisha mbele ya macho yake, chakula kimekwisha. Siku moja anashuka barazani, peke yake, moyo unadunda, anakwenda kwa mwanamke aliyemfundisha kusoma alipokuwa mdogo kuomba kazi. Hasemi siri ya nyumba. Anasema tu kuwa mama hajisikii vizuri. Siku zinazofuata chakula kinaanza kuonekana ukingoni mwa ua: gunia la maharage, mayai, bakuli limefunikwa kitambaa, na jina la mwenye chombo kwenye kikaratasi. Denver anazungusha vyombo, nyumba moja baada ya nyingine, kushukuru. Sisi tuliokuzwa na mila kuwa bakuli la jirani halirudi tupu tunaelewa kinachofanyika pale kuliko profesa yeyote. Mwishoni wanawake kama 30 wanakuja mbele ya nyumba ile na kuimba. Yote hayo yalianza na sentensi moja iliyosemwa nusu, kwa mtu aliyechaguliwa vizuri.

Sitakudanganya lakini. Uliuliza riwaya inayoponya, na nyingi ya hizi haziishii pazuri. Mama yake Kambili anamtilia mumewe sumu, kaka yake anabeba kosa na kwenda jela, na tunawaacha wakimsubiri atoke. Nyasha tunamwacha bado mgonjwa. Ya Celie ndiyo yenye mwisho wa nuru kuliko zote. Hata yule mumewe, baada ya kila kitu, tunamwona ameketi barazani anashona pamoja naye. Wako walioilaumu riwaya hiyo kwamba imewachora vibaya wanaume weusi. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu ya baraza ile. Lakini mwisho wa nuru wa kitabu si ahadi kwa nyumba yako. Riwaya inakupa maneno, na inakuonyesha kuwa lina jina na limewapata wengine. Kazi yake inaishia hapo.

Sasa binti yako. Huyu ndiye ninayemfikiria zaidi, kuliko hata mama.

Edwidge Danticat, aliyezaliwa Haiti, alitoa mwaka 1994 riwaya iitwayo Breath, Eyes, Memory. Mama, Martine, alibakwa kwenye shamba la miwa akiwa msichana, na mtoto aliyezaliwa ni Sophie, msimulizi wetu. Mama anaota yale mambo kila usiku, anapiga kelele, binti anamwamsha. Na mama huyo huyo anamkagua bintiye kwa kidole kuhakikisha ni bikira, kama alivyokaguliwa yeye na mama yake. Hafanyi kwa ukatili. Anafanya kwa hofu, na kwa mwili wa mtoto hofu na ukatili vinauma sawasawa. Sophie anapozaa binti, anamwangalia mtoto akilala, anajiuliza kama ndoto zile zitamfikia na huyu. Anatafuta mshauri, anaingia kwenye kikundi cha wanawake wenye majeraha yao, anarudi kwa bibi yake kuuliza kwa nini. Mama yake, Martine, hakuwahi kufanya hayo, akafa kwa mkono wake mwenyewe. Kitabu hiki usikisome sasa. Nakutajia kwa ajili ya Sophie pale kitandani, maana ndipo ulipo wewe.

Ulimuuliza mtoto kwa nini alichelewa? Barua yako haisemi, na nadhani hukumuuliza, kama ambavyo mama yako hakukuuliza kuhusu kanga. Leo jioni kaa naye chini, macho yenu yawe sawa. Mwambie: "Nilikupiga. Halikuwa kosa la kupigwa vile. Niliogopa, na hofu yangu ni ya zamani, haikutoka kwako. Nisamehe." Usiongeze "lakini". Wapo watakaokuambia mzazi haombi msamaha kwa mtoto. Mimi nimewaona watu wa miaka 60 wakilia kwa sababu neno hilo halikuwahi kusemwa. Ndipo umuulize alichelewa wapi, na usikilize mpaka mwisho, hata kama jibu ni kwamba walikuwa wanacheza rede. Mkubaliane njia anayopita, rafiki wa kuongozana naye, na akichelewa nani unampigia simu. Hofu ikikupanda tena, na itapanda, mikono iwe na mahali pa kwenda: nenda kwenye maji, nawa uso, nawa viwiko, kaa, hesabu pumzi zako. Mtoto uzungumze naye baadaye.

Na wewe uende kuonana na mtu ana kwa ana. Kukosa usingizi wiki mbili baada ya kuguswa hivyo si ajabu, mara nyingi hutulia. Ukifika mwezi haujatulia, au unaota jambo lile lile kila usiku, au umemnyanyulia mtoto mkono tena, usingoje. Hospitali ya rufaa ya mkoa ina huduma ya afya ya akili. Uliza mapokezi, hakuna aibu, na si lazima upewe dawa. Likija wazo la kufa, au la kwamba wangekuwa salama zaidi bila wewe, nenda siku hiyo hiyo, usiku au mchana, na umwambie mumeo akupeleke. Yeye mweleze hata kabla ya hapo. Si habari ya mjomba, bali ya usingizi wako na ya mkono wako. Anadhani anapigana na kitabu kwa sababu hajaambiwa jambo jingine.

Kuhusu kusoma, The Color Purple kiweke kwanza. Ukikirudia, kisome mchana, kurasa chache, usikisome kitandani, na ukiona mlinzi anainuka, funga. Si lazima kukimaliza mwaka huu. Kwa sasa tafuta Barua Ndefu kama Hii, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali iliyotoka mwaka 1979. Ramatoulaye amefiwa, yuko ndani amekaa eda, na siku zile za eda anamwandikia rafiki yake Aissatou habari ya ndoa yake, ya mume aliyeoa mke wa pili, rafiki wa binti yao. Ni kitabu kifupi na cha utulivu. Utamkuta mwanamke Mwislamu, mwalimu kama wewe, anaumia bila kupiga kelele na bila kudanganya. Hicho, siku moja, hata mama anaweza kukisoma mwenyewe akitaka. Kiache tu mezani, usimwambie kitu.

Jambo la mwisho. Yule mwalimu mwenzio aliyekuazima The Color Purple, ulishamuuliza kwa nini alikupa wewe? Kitabu kama kile hakiazimwi hivi hivi. Ukimrudishia, usimtume mwanafunzi akipeleke ofisini kwake. Mpelekee mwenyewe, saa ambayo hana kipindi.